Zulia la Madame na Maji ya Majivu

Watoto wangu wananicheka. Nikiingia kwa mtu nikakuta zulia limetandikwa, navua viatu, maana adabu ni adabu, lakini sikai. Nasimama mlangoni naomba kiti cha jikoni. "Mama, unaogopa kitambaa?" Ndiyo, naogopa kitambaa. Wao hawajawahi kung'oa zulia lililobandikwa kwa gundi huku tumbo limewafika kifuani. Wacheke tu, meno ni yao.

Ilikuwa Bukavu, kule Ibanda, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa sisi hatukujua kama ni ya mwisho. Nyumba ilikaa juu ya mojawapo ya zile ndimi za ardhi zinazoingia ziwani, huku maji, huku maji, katikati maua ya madame. Mume wangu alikuwa boyi wa ndani. Alifagia, alipiga pasi, alipaka sakafu nta, alileta kahawa. Mimi sikuwa na kazi pale. Nilikaa boyeri, chumba kimoja cha matofali nyuma ya jiko, na sheria ilikuwa kwamba mke wa boyi haingii nyumba kubwa.

Sisi ni watu wa Mwenga. Kule nilizaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alifia njiani, ndani ya mwili wangu, baada ya uchungu ambao sitaki kuusimulia hata leo. Watu walisema nimelogwa. Mimi nilisema wanaosema hivyo waje wazae wao. Nilipopata mimba ya tatu tulikuwa tumeshahamia mjini, mume wangu akanipeleka hospitali. Munganga, yaani daktari, akanipima nyonga kwa chombo cha chuma, akazungumza Kifaransa na mama masere mmoja mfupi, mtawa aliyekuwa akisimamia wajawazito. Masere akanigeukia akasema: "Mifupa yako iko nyembamba, mama. Huyu mutoto tutamutoa kwa kisu. Ukienda kuzalia kwenu, utakufa, na yeye atakufa." Alisema bila kupepesa macho. Nilimpenda kwa sababu hiyo.

Sasa uelewe jambo hili, maana ndilo lote. Mtu mweusi alikaa mjini kwa ajili ya kazi ya mzungu. Kazi ikiisha, ruhusa ya kukaa imeisha, unapanda lori unarudi ulikotoka. Mume wangu akifukuzwa kabla sijazaa, mimi napelekwa Mwenga kufa na mtoto wangu. Hapakuwa na njia ya tatu, niliitafuta sana.

Na madame alikuwa mwepesi wa kufukuza. Mpishi, mtu mzima mwenye mvi, alivunja bakuli la supu lililotoka kwao Ulaya, na kabla ya juma kwisha chumba chake kilikuwa kitupu, mkewe akipakia masufuria huku analia. Tangu siku hiyo mume wangu alipika pia, juu ya kazi zake zote. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimsikia madame anaita "Boyi!" roho inaniruka, hata kama alitaka chai tu.

Zulia lenyewe, sisi tulisema tapi, lilikuwa la saluni, yaani sebule. Mzungu aliyekaa pale kabla yao alilibandika juu ya mbao, ukuta kwa ukuta, ati mbao zilikuwa zinalia mtu akitembea. Zamani lilikuwa la kijani. Tulipofika sisi lilikuwa na rangi ya maji ya kunde. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeliingia, mbwa wa madame walikuwa wameongeza ya kwao, na mvua ikinyesha harufu yake ilinifuata mpaka kitandani. Basi siku moja madame na bwana wake wakawa wanakwenda kwenye shamba lao la kahawa, upande wa Minova, kukaa juma zima. Gari likiwa tayari linanguruma, madame akamwita mume wangu mlangoni.

"Boyi, hii tapi toa yote. Mimi narudi, nataka kuona mbao tu, na mbao inangaa. Wageni banakuja."

"Ndiyo, madame."

"Ukiharibu mbao, kazi hakuna. Unasikia?"

"Nasikia, madame."

Nilikuwa nyuma ya jiko nachambua sombe, majani ya muhogo, nikasikia kila neno. Mume wangu alikuja akasimama mbele yangu, akacheka kidogo. "Tapi? Ni kitambaa tu. Leo asubuhi naitoa, muchana napaka nta, kesho nalala." Nikamwambia asante, mwanaume, tutaona.

Kweli asubuhi ile alianza vizuri. Alichukua kisu cha jikoni, akakata zulia vipande virefu, akashika ncha pale mlangoni akavuta. Likatoka! Likatoka kwa mlio wa nguo inayopasuka, na vumbi la miaka likapanda mpaka darini. Nilimsikia anaimba. Halafu akaacha kuimba. Nikangoja. Halafu nikasikia anahema, kisha akasema neno ambalo sitalirudia. Nikasema sheria ya madame imekwenda Minova na madame mwenyewe, nikaingia nyumba kubwa kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amekaa chini, miguu mbele, mikononi ameshika manyoya. Ndiyo, manyoya tu ya zulia. Sehemu ya juu ilikuwa imetoka, lakini gunia la chini, lile ambalo manyoya yameshonewa, lilikuwa limebaki limeshikamana na mbao, na chini ya gunia gundi ya kahawia iliyokauka ikawa ngumu. Pembeni ya mlango, palipokuwa na unyevu mwingi, ndipo peke yake palipotoka safi. Kwingine kote ilikuwa gunia na gundi, mpaka kwenye dirisha kubwa linaloangalia ziwa.

"Wewe unavuta tapi," nikamuuliza, "ao tapi inakuvuta wewe?"

Hakucheka. Alinionyesha vidole vyake. Kucha mbili zilikuwa zimeinuka.

Tulianza kukwangua. Yeye alikuwa na kipande cha springi ya lori alichokinoa kwenye jiwe, mimi nilikuwa na kisu cha kumenyea viazi. Nilipiga magoti, lakini tumbo lilikuwa halinipi nafasi, ikabidi nikae ubavu, kama mtu anayelala kanisani. Unakwangua, gunia linatoka nyuzi moja moja. Unakwangua tena, springi inateleza, inaingia kwenye mbao, na mbao ile nyekundu nzuri ya msituni inapata mstari mweupe. Mume wangu akiuona mstari anaupaka mate, anausugua kwa kidole, anaangalia mlangoni kana kwamba madame amesimama pale.

Siku ya pili tulimwaga maji ya moto. Gundi ililainika juu juu ikawa uji, ukiukwangua unanasa kwenye springi, unanasa kwenye vidole, unanasa kwenye nguo, halafu unaganda upya pale pale ulipouacha. Kutwa nzima nilichota maji nikayachemsha, na kufikia jioni tulikuwa tumesafisha mahali pa kutosha kulaza mbuzi mmoja. Siku iliyofuata tulijaribu petroli ya taa. Ilifanya kidogo, lakini harufu ikanipanda, nikatapika kwenye maua ya madame mpaka nikaona nyota. Mtoto alinipiga teke chini ya mbavu akatulia. Alitulia muda mrefu. Nilikaa kwenye ngazi nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili, nikimsukuma, nikimwambia sogea, mama yako anakuomba, sogea kidogo tu. Aliposogea nililia kwa sauti.

Mume wangu akatoka. "Mama, wende ulale. Nitaimaliza mimi."

Alikuwa ananiita mama, ingawa hatukuwa na mtoto aliye hai. Kwa kawaida nilipenda. Siku hiyo sikupenda.

"Utaimaliza na nini? Na meno?"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Watu wale wanarudi Jumamosi, na saluni yao iko kama ngozi ya mbwa mwenye upele. Wewe utapanda lori utashuka. Mimi sitashuka, unanisikia? Mimi nitapanda lori nimelala chini!"

Mimi nina hasira, nimezaliwa nayo. Lakini ile haikuwa hasira. Ilikuwa hofu iliyokosa pa kukaa. Akarudi ndani, nikaanza kusikia tena krrr, krrr, springi juu ya mbao, na kila krrr ilikuwa inapita kwenye uti wa mgongo wangu.

Pale kwenye ngazi ndipo nilipoyaona maganda ya ndizi. Yalikuwa kwenye pipa la jiko, maganda ya ndizi za kupika, yamekauka yamejikunja. Kule kwetu hakuna mwanamke anayetupa maganda ya ndizi. Unayaanika, unayachoma mpaka yawe majivu meupe, unayaweka kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamwaga maji juu, na chini inadondoka chumvi ya kwetu, maji ya rangi ya chai. Kidogo ukitia kwenye sombe, inalainika na kupata ladha. Ukiyachemsha mpaka yakawa makali, ukaongeza mafuta ya mawese, unapata sabuni nyeusi inayotoa hata damu kwenye nguo. Bibi yangu alikuwa anasafishia maji hayo vyungu vilivyoungua. Hakuna kilichowahi kugandia chungu cha bibi yangu kikakataa kutoka.

Niliinuka. Nilizunguka boyeri zote za jirani nikiomba maganda. Wanawake wenzangu walinicheka: "Weye, mimba inakutamanisha majivu?" Nikawaambia ndiyo, mimba inataka majivu, leteni. Wakaleta. Mama mmoja muuza ndizi alinipa na vikonyo vyote, vile vya katikati ya mkungu, ambavyo majivu yake ni makali kushinda. Nilichoma nyuma ya jiko mpaka moshi ukafunika ua, nikachuja, nikachemsha. Ili kujua kama yamekomaa unatumbukiza unyoya wa kuku. Nikatumbukiza. Unyoya ulijikunja ukayeyuka, ukabaki ule mti wake wa katikati.

Kesho yake asubuhi tulimwaga maji yale kwenye kona moja, nyuma ya kiti kikubwa, tukangoja. Mume wangu alikuwa ameinama, nusu amekasirika bado. Gundi ikaanza kuvimba. Ikawa laini, ikawa utelezi, na alipopitisha springi ilitoka yote, gunia na gundi pamoja, ukanda mzima, mbao chini ikabaki tupu kama samaki aliyeparuliwa.

"Aka!" akasema. Akapitisha tena. "Aka! Mwanamuke weye!"

Tulifanya kazi kama wehu. Yeye alimwaga, mimi nilisugua kwa matambara, yeye alikwangua, tukabeba uchafu kwa ndoo. Tulicheka. Tulikuwa hatujacheka tangu madame aondoke. Mikono ilianza kuniwasha, nikaisuuza tu nikaendelea, nani alikuwa na habari ya mikono? Kufikia jioni saluni nzima ilikuwa mbao, imelowa, inameremeta. Tulifungua madirisha upepo wa ziwa uikaushe, na nikala ugali kwa njaa niliyokuwa nimeisahau. Nililala nimemlalia mume wangu begani, nikimwambia mtoto jina ambalo sikuthubutu kulisema kwa sauti.

Asubuhi mume wangu alitangulia kwenda kupaka nta. Hakurudi. Nikamfuata.

Sakafu ilikuwa nyeusi.

Haikuwa chafu, uchafu tungejua la kufanya. Mbao zenyewe zilikuwa nyeusi, kutoka mlangoni mpaka dirishani, nyeusi ya kitako cha chungu. Zilipokuwa zimelowa hatukuona, maana kila mbao iliyolowa inakuwa na giza. Zilipokauka ndipo zikatuonyesha. Kumbe maji yetu yanasafisha chungu, yanasafisha nguo, lakini mbao ile nyekundu yanaipika. Bibi yangu hakuwahi kuwa na sakafu ya mbao. Nani kwetu alikuwa nayo? Tungejuaje?

Tulisugua kwa mchanga wa ziwani. Tulisugua kwa sabuni ya madame. Mume wangu alikwangua mbao moja kwa springi mpaka akachimba mfereji, na hata ndani ya mfereji ilikuwa nyeusi. Akaacha springi ikaanguka. Akakaa chini, akafunika uso, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, hata tulipozika.

"Tufunge vitu," akasema. "Tuende sasa, mbele hawajafika. Tujifiche Kadutu kwa watu."

"Tujifiche na tumbo hili? Nikifika materinite kuzaa watauliza bwana yako anatumika kwa nani. Utawajibu nini?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, simama."

Sikuwa na ujasiri, mtu asinisifu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo huwezi kwenda mbele wala nyuma, na pale pale palipo chini yako ndipo pana kazi. Nta ilikuwepo kwenye kopo. Nikamwambia kama ni kufukuzwa, tufukuzwe sakafu ikiwa inang'aa, walau hilo aliloagiza tuwe tumelifanya. Tukapaka. Yeye alivaa brashi zake miguuni akapiga nta kwa ile ngoma yake ya kiuno, huku machozi yanamtoka, huku na huko, huku na huko, mpaka sakafu ikawa unaweza kuona madirisha ndani yake, na ziwa ndani ya madirisha.

Gari lilifika Jumamosi mchana. Nilijificha jikoni, mlango nimeuacha wazi kidogo. Nilisikia viatu vya madame kwenye ngazi, kwenye baraza, kisha kwenye mbao. Ko, ko, ko. Vikasimama. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Nilisema Baba Yetu nikakosea katikati, nikaanza upya.

"Boyi."

"Madame."

"Hii nini?"

Madame akainama, nilimwona kwa ufa wa mlango, akapitisha kiganja juu ya mbao. Akamwita bwana wake. Wakaongea Kifaransa haraka haraka. Kisha akacheka. Nilidhani ni kicheko cha hasira, wapo watu wa namna hiyo. Lakini alikuwa anapiga makofi kama mtoto.

"Iko muzuri! Iko kama nyumba ya zamani ya kwetu! Nani alifanya rangi hii?"

Mungu anisamehe, nilikaa chini palepale jikoni nikacheka mdomo nimeuziba kwa kitenge, mkojo ukanitoka kidogo. Tumepona! Mume wangu, kwa ile furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba shingoni, akasema kweli ambayo hakuna aliyemwomba aiseme yote: "Ni mwanamuke yangu, madame. Yeye njo anajua dawa yake."

"Ah, bon. Basi afanye chumba ya kula pia. Na chumba ya kulala. Na koridoo. Yote nyeusi, mbele ya wageni kufika."

"Madame, nitafanya miye. Yeye iko na tumbo."

"Wewe uko na jikoni. Mupishi hakuna. Yeye afanye, yeye anajua." Kisha akasema, bila ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lilinichoma: "Kama hawezi, nitatafuta boyi ingine mwenye mwanamuke anaweza."

Nikafanya. Ungefanya nini wewe? Nilichoma maganda, nikachuja, nikachemsha, nikaingia nyumba kubwa kila asubuhi, sasa kwa ruhusa. Mbao zile hazikuwa na gundi, lakini madame alitaka rangi ilingane, na ili ilingane ilibidi nimwage mara mbili, mara tatu, nisugue mpaka maji yaingie. Mwanzo mikono iliwasha. Kisha ikawa myekundu na laini, laini ajabu, kama mikono ya mtu tajiri. Kisha ngozi ikaanza kutoka, kama ya kiazi kilichochemshwa, kwanza kwenye ncha za vidole, kisha kiganja chote. Mume wangu aliamka kabla ya jua ili asugue yeye, madame akamkuta, akamrudisha kwenye mkate. Alinifungia mikono kwa vitambaa vyenye mafuta ya mawese, lakini majivu na mafuta yakikutana yanakuwa sabuni, nilikuambia, ikaungua zaidi. Nililia nikisugua. Machozi yalidondoka kwenye mbao, na palipodondoka chozi palikauka sawa na kwingine.

Kila nilipotaka kusimama niseme sitaki tena, mtoto alinipiga teke, nami naendelea. Nilikuwa namwambia, wewe tulia humo, usitoke leo, usitoke kesho, niache nimalize koridoo. Madame alipita akaruka juu ya ndoo yangu, akasema "Pole, pole," akaenda zake.

Nilimaliza koridoo. Uchungu ulinikamata nikiwa nasuuza matambara ziwani, siku ile ile wageni walipokuwa wanatarajiwa jioni. Mume wangu aliacha sufuria motoni akanikimbiza materinite, nusu kunishika, nusu kunibeba. Yule masere mfupi alifungua mikono yangu kuona kwa nini siwezi kushika kitanda, akasema kitu kwa Kifaransa, akafanya msalaba. Walinifunga bandeji mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kisha wakaniweka kitu puani, nikaenda.

Nilipozinduka ilikuwa jioni, jua bado lipo. Tumbo liliniuma, kwa hiyo nilijua sijafa. Wanawake wa kitanda cha kulia na cha kushoto walikuwa wananitazama wakicheka, na nikamsikia. Alikuwa analia. Watoto wangu wale wawili sikuwahi kuwasikia wakilia, nilikuwa sijui sauti ya mtoto wangu inafananaje. Masere akamleta, mtoto mwanamke, mwekundu, mwenye hasira tayari, akataka kunipa. Nikanyoosha mikono. Yalitoka mabonge mawili meupe ya bandeji. Masere alinitazama, nami nikamtazama, na nikajua kwamba siwezi. Nilijaribu kwa viwiko, mtoto akateleza. Alikuwa analia kwa njaa, na ziwa langu limejaa maziwa, na mimi mama yake sikuwa na mkono wa kumleta.

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, mume wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Kwetu mwanaume hamshiki mtoto kabla kitovu hakijaanguka, tena mbele ya wanawake, aibu. Alifuta mikono kwenye suruali. Akakaa kitandani, akamchukua mtoto kwa masere, akamwegemeza kwangu, kichwa ndani ya kiganja chake, akaanza kumtafutia ziwa. Wadi nzima ililipuka kwa kicheko. "Muone! Papa ananyonyesha!" Mmoja alijifunika kitenge usoni.

Nje gari lilipiga honi. Tuliijua. Dreva wa madame alikuwa ametumwa, wageni walikuwa wamefika, na nyama ilikuwa haina wa kuikata. Nilimwangalia mume wangu. Honi ikalia mara ya pili, ndefu, na masere akageuza kichwa dirishani. Tulijua wote wawili maana yake kama asingetoka: kupoteza boyeri, na ruhusa, kisha lori. Nilitaka kumwambia nenda. Mdomo ulikataa.

Hakugeuka hata kidogo. Aliinamisha uso wake karibu na shavu la mtoto, akaangalia mdomo ule mdogo ukihangaika, ukikosa, ukipata.

"Mama," akaniambia, "anavuta muzuri."